Moyo ukisimama karakanani: shajara ya mradi wa yadi yetu, Moshi

20 Januari 2024: Kwa nini tumeanza

Yadi yetu iko karibu na soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Ndani kuna vibanda vya useremala, wachomeleaji, gereji, kinu cha kusaga mahindi na mama lishe. Getini kuna kijiwe cha bodaboda. Mwaka jana seremala mwenzetu alianguka akiwa anapiga randa. Tulimpepea, tukammwagia maji. Mmoja alisema sukari imeshuka, akamtia soda mdomoni. Mwingine alisema kifafa, akakimbilia kijiko. Mwisho tukambeba mzegamzega hadi kwenye Noah. Hospitalini walifanya kazi yao, ila moyo ulikuwa umesimama muda mrefu, na tangu alipoanguka hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemkandamiza kifua. Pale walikuwepo watu wanaopiga nyundo kutwa nzima, nguvu tele mikononi, na hakuna aliyejua aziweke wapi.

Kikao cha wenye vibanda kimeamua jambo hili lifanyiwe kazi hadi mwisho. Naandika kila hatua inapokamilika ili yadi nyingine, soko, msikiti, kanisa au shule wachukue kinachowafaa.

Kwanza tuelewane tunapambana na nini. Katika shambulio la moyo, mshipa unaoulisha moyo damu umeziba. Mara nyingi mgonjwa bado ana fahamu, anashika kifua, anatoka jasho, anaongea. Huyo anawahishwa hospitali. Moyo kusimama ghafla ni kitu kingine: mpangilio wa umeme ndani ya moyo umevurugika, misuli inatetemeka tu bila kusukuma damu. Mtu anaanguka, haitiki, hapumui sawasawa. Shambulio linaweza kuusimamisha moyo, na shoti ya umeme pia inaweza, jambo linalowahusu wachomeleaji wetu moja kwa moja.

Kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6. Hospitali ya Mawenzi si mbali na hapa, hospitali ya rufaa ya KCMC iko mbele zaidi kaskazini ya mji, lakini atakayetoka Mbuyuni saa tano asubuhi, mikokoteni na bajaji zimebanana, atatumia hizo dakika zote kabla hajaiona lami. Kwa hiyo dakika za mwanzo ni zetu wenyewe.

Lengo tulilojiwekea: ndani ya dakika moja kifua kiwe kinakandamizwa, ndani ya dakika tatu mashine iwe imefika. Hizo tatu hatukuziokota hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka kwenye kasino za Marekani, ambako walinzi wa kawaida walifundishwa kutumia mashine hizi, ulionyesha kwamba walioanguka mbele ya watu na kushtuliwa ndani ya dakika 3 walipona asilimia 74. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 49. Walinzi, si madaktari. Hilo ndilo lililotupa moyo.

3 Februari: Jaribio kabla ya mafunzo

Mgao wa umeme ulikuwa umezisimamisha mashine zote, basi tukautumia muda huo. Tulijaza maranda kwenye ovaroli kuukuu, tukalilaza karibu na meza ya msumeno, mmoja akapiga kelele "Ameanguka!" huku mwingine akishika saa. Hatukuwaambia watu mapema.

Kundi lilijaa mara moja. Kila mtu alitoa ushauri, hakuna aliyepiga magoti. Watatu walipiga simu kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa jamaa yake mwenye gari, na wote walidhani mwenzao ndiye anayepigia hospitali. Karibu dakika ya nne ovaroli lilinyanyuliwa kupelekwa getini, likiwa halijaguswa kifuani.

Jambo zito zaidi alilibaini fundi umeme. Alituuliza: "Huyu angekuwa amepigwa shoti, mngezimia wapi umeme?" Swichi kuu ilikuwa nyuma ya rundo la mbao za mikaratusi, mtu asiifikie mpaka ahamishe mbao. Ambaye angemgusa majeruhi kabla ya umeme kuzimwa angekuwa wa pili kulala chini. Mbao zilihamishwa siku hiyo hiyo, sakafu mbele ya swichi ikapakwa rangi ya njano, na sasa hakuna kitu kinachowekwa pale hata kwa nusu saa. Gharama: rangi iliyobaki dukani, bure.

24 Februari: Mkufunzi, na ile pumzi inayodanganya

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na huduma ya kwanza, na sanduku tulikuwa nalo: bendeji, spiriti, panadol. Kwa moyo uliosimama, hakuna humo kinachosaidia. Mafunzo ya huduma ya kwanza yanapatikana OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na pia Chama cha Msalaba Mwekundu. Sisi tulimpata muuguzi mstaafu wa idara ya dharura aliyekubali kutufuata yadini, kwa sababu vibanda visingefungwa wote waende darasani. Alikuja na mdoli wake wa kufundishia.

Namna ya kukandamiza aliieleza kwa muda mfupi tu. Mlaze chali mahali pagumu. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono. Kina sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza uachie kifua kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Mpokezane kila dakika mbili, maana mtu huchoka kabla hajajitambua. Asiyefundishwa kupuliza hewa mdomoni aendelee na mikono tu; kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla inafaa kabisa. Aliyezama majini na mtoto mdogo wanahitaji pumzi pia, na kwa hao tumepanga siku yao.

Muda mrefu zaidi aliutumia kwenye kutambua. Alilala chini, akafumba macho, akaanza kufungua kinywa na kuvuta hewa kwa kukatizakatiza, mkoromo mmoja, kimya, mwingine tena, kama samaki aliyetolewa majini. Akiwa hapo hapo chini akamwuliza mzee wa kinu:

"Shikamoo baba. Mtu akiwa hivi utamfanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Nitamlaza vizuri apumzike. Si bado anapumua?"

Wengi wetu tuliitikia kwa vichwa. Akaketi, akatuambia taratibu kwamba huko si kupumua. Ni ubongo unaojitahidi mara za mwisho baada ya damu kukatika, hutokea mara nyingi katika dakika za mwanzo, na ndiyo sababu kubwa watu husubiri wakati wa kusubiri haupo. Palepale wawili walikumbuka kwamba seremala wetu alikoroma hivyo. Somo lilisimama kwa muda, kila mtu kainamisha kichwa. Mkufunzi hakuharakisha.

Kanuni tuliyobaki nayo: haitiki, na hapumui au anatweta kwa kukatizakatiza, anza. Usitafute mapigo mkononi. Hata waliosomea hukosea, na muda unaenda.

Ada ya mkufunzi kwa vipindi viwili pamoja na nauli: shilingi 300,000.

16 Machi: Midoli ya kutengeneza wenyewe

Mdoli wa mkufunzi ni mmoja na aliondoka nao. Watu wa yadi ni wengi, na kukandamiza hakujifunzwi kwa kutazama. Tulikuwa tumeingia Mwezi Mtukufu, waliofunga wasingeweza mazoezi mazito mchana, hivyo kipindi cha pili kilisogezwa hadi baada ya Idi na wiki hizi zikawa za kutengeneza.

Jaribio la kwanza lilikuwa sponji ya godoro ndani ya boksi la plaiwudi. Ilionekana nzuri, ila kumbe inamfundisha mtu uvivu: inazama kwa mkono mmoja. Kijana aliyeizoea akiwekwa kwenye kifua cha kweli angebonyeza juu juu. Jaribio la pili lilikuwa springi ya shokapu ya pikipiki, na hiyo ikawa ngumu hata kwa mchomeleaji mwenye kifua kipana kuliko sote.

Suluhisho lilitoka kinuni. Mkufunzi alituazima tena mdoli wake kwa jioni moja. Tuliuweka juu ya mizani ya magunia, tukaona sahani inasoma ngapi, kisha tukabonyeza mpaka mdoli ulipolia "tik" kuashiria kina kimetimia. Ukitoa uzito wa mdoli wenyewe, ilikuwa kati ya kilo 40 na 50. Sasa tulikuwa na shabaha. Tukarudi kwenye springi za sofa, ambazo maseremala wanazo tele, tukazipanga wima kati ya mbao mbili na kuongeza moja moja huku tukipima kwenye mizani ile ile. Ya saba ndiyo iliyotufikisha. Juu tukaweka sponji nyembamba na reksini.

Fundi umeme akamalizia. Alifunga swichi ya taa ya breki ya pikipiki chini ya ubao, akaipima kwa rula: ubao ukishuka sentimita 5 balbu inawaka, ukirudi juu kabisa inazima. Anayefanya mazoezi anajiona mwenyewe. Balbu isipowaka, hajafika. Isipozima, anaegemea kifua na moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Mdoli wa mkufunzi hauna hiyo ya pili, na aliutamani wa kwetu.

Fundi huyo alifurahi sana alipoambiwa asili ya kazi hii. Mmoja wa watatu walioandika kuhusu kukandamiza kifua mwaka 1960 kutoka Baltimore, Marekani, William Kouwenhoven, alikuwa mhandisi wa umeme, na aliingia katika utafiti wa moyo kwa sababu mafundi wa nyaya walikuwa wanakufa kwa shoti. Na mdoli wa kwanza uliosambaa duniani, mwaka huo huo, aliutengeneza Åsmund Lærdal, mtengeneza vinyago vya watoto kutoka Stavanger, Norway. Kwa hiyo mafundi wamekuwemo tangu mwanzo.

Gharama ya mdoli mmoja: springi saba za sofa 10,500, swichi 3,000, balbu na waya 4,000, sponji 6,000, reksini 5,000. Jumla 28,500. Plaiwudi ni mabaki, betri ni kuukuu ya pikipiki. Tumetengeneza minne: 114,000.

20 Aprili: Mazoezi baada ya Idi, na shida ya kuhesabu

Vijana walitaka kufanya kwa singeli. Singeli inakwenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Waliofuata mdundo walikuwa wanagusa tu, balbu haiwaki. Muziki ukazimwa, tukahesabu kwa sauti hadi thelathini.

Hapo ikaonekana jambo ambalo hakuna kitabu kingetuambia. Moja hadi kumi mdundo ulikaa vizuri. Kuanzia "kumi na moja" mikono ilianza kusubiri mdomo. "Ishirini na saba" ni ndefu kiasi kwamba mtu anabonyeza mara moja pale ambapo angebonyeza mara mbili. Tulipopima kwa saa, kasi ilikuwa imeshuka chini ya 90. Sasa tunahesabu moja hadi kumi, tena moja hadi kumi, na mara ya tatu, na anayehesabu ni msaidizi aliye upande wa pili, si anayekandamiza, ili pumzi yake ibaki kwa kazi. Kasi ilitulia kwenye 110 hivi bila kifaa chochote. Mwenye kuchukua kitu kimoja tu kutoka kwenye shajara hii, achukue hiki.

Mama lishe waligeuka kuwa hodari kuliko tulivyotegemea. Mama mwenye mwili mdogo aliipita nusu ya wachomeleaji, kwa sababu alinyoosha viwiko na kutumia uzito wa mwili, wakati wao walikuwa wakisukuma kwa misuli ya mikono. Ni hao hao walioibua swali la staha. "Akianguka mwanamke, nani atamfungua kifua mbele ya soko zima?" Swali lina uzito: nchi nyingi zimebaini kwamba wanawake hukandamizwa kifua na wapita njia mara chache kuliko wanaume. Hapa Majengo na Mbuyuni, kwenye mchanganyiko wetu wa dini, lisipojibiwa mapema litamuua mtu. Jibu ni lao pia: kukandamiza kunaanza juu ya nguo bila kusubiri chochote, mama wawili wanasimama na kanga zilizofunguliwa kama pazia, na mashine ikifika nguo inakatwa ndani ya pazia. Kanga mbili zinakaa kwenye sanduku daima.

Hofu nyingine ilikuwa polisi. "Nikimvunja mbavu je? Nikiambiwa nimemuua mimi?" Mtu anayejua usumbufu wa kutafuta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, haulizi hivyo kwa utani. Mkufunzi alisema ukweli: mbavu huvunjika mara nyingine hata kwa wataalamu, na mbavu hupona, moyo uliosimama ukiachwa haurudi wenyewe. Kwa upande wa ushahidi, tulimwalika mwenyekiti wa mtaa akae hadi mwisho wa kipindi. Yeye mwenyewe alipiga magoti, akawasha balbu, kisha akakubali namba yake iwe kwenye kadi ili aitwe mara moja tukio linapotokea na aone kilichofanyika. Hofu haijaisha yote, lakini watu wameacha kurudi nyuma.

8 Juni: Kununua mashine

Wazo la awali lilikuwa kumwomba ndugu aliye Ulaya atuletee mashine iliyotumika ndani ya begi, kwa chini ya nusu ya bei. Tuliliacha. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kuviingiza kunahitaji kibali, na mashine isiyo na mtu wa kuihudumia nchini ni mzigo: betri ikifa umebaki na boksi. Kabla ya kuliacha wazo hilo, muuzaji mmoja wa mtandaoni alitutumia picha za mashine "kama mpya". Mkufunzi alikuza picha, akasoma tarehe kwenye pakiti ya vibandiko, vile vinavyobandikwa kifuani kupitisha umeme wa mashine: vilikuwa vimeisha muda miaka miwili nyuma. Vibandiko vina gundi yenye unyevu. Vikikauka haviushiki mwili na umeme haupiti vizuri. Anayenunua aombe picha ya tarehe mbili, ya vibandiko na ya betri, kabla hajazungumzia bei.

Tulinunua mpya kwa muuzaji mwenye kibali: 4,700,000 pamoja na vibandiko vya kuanzia, na seti ya akiba 260,000. Fedha zilitoka kwenye kikoba cha yadi, michango ya vibanda, na mwenye yadi aliyetoa milioni moja. Ni fedha nyingi. Baadhi ya wenzetu walisema zingefaa zaidi kwenye paa la choo, na sikuwaona wabaya. Paa nalo linavuja. Kilichotupitisha ni kwamba kukandamiza hununua muda, lakini moyo unaotetemeka mara nyingi hautulii bila kushtuliwa.

13 Julai: Mashine inasema Kiingereza

Hapa zoezi lilikwama kabisa. Mashine ni rahisi kwa anayeielewa: unaiwasha, inakuongoza kwa sauti, inapima moyo yenyewe na kukataa kumshtua asiyehitaji. Yetu inaongoza kwa Kiingereza. Bodaboda aliyekuwa na mikono mizuri kwenye mdoli alisimama na vibandiko mkononi, anamtazama kila mtu usoni.

Tuliandika mpangilio wa sauti zake kwa Kiswahili, kwa utaratibu ule ule, kwenye kadi ngumu iliyofungwa kwa kamba kwenye mpini:

"Vua nguo kifuani. Futa jasho. Bandika kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. INAPIMA: asiguswe na mtu. INACHAJI: jiwekeni mbali. Taa ya rangi ya machungwa ikiwakawaka, tazama wote mko mbali, bonyeza. Rudi kifuani papo hapo, usisubiri kuona kama ameamka."

Mstari wa mwisho uliongezwa baada ya zoezi la pili, ambapo kila mtu aliacha kukandamiza baada ya mshtuko na kuanza kumtazama mdoli. Picha za mahali pa vibandiko zimechorwa na mchoraji wa mabango wa jirani. Kwenye sanduku kuna pia mkasi, wembe wa kunyolea kifua chenye nywele nyingi, taulo na glavu: 32,000. Kadi: 45,000.

17 Agosti: Zoezi la usiku, ufunguo uko Pasua

Kinu hufanya kazi hadi usiku na walinzi hulala hapa. Saa nne usiku tukaita "Ameanguka!" bila kuwaambia walinzi. Kukandamiza kulianza haraka, vizuri kabisa. Mashine haikuja. Ilikuwa imefungiwa ofisini kwa kuogopa wezi, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mtunza stoo, Pasua. Bodaboda alirudi nao wakati kila mtu ameshalowa jasho na zoezi limekwisha.

Mashine ya milioni nne inayohitaji ufunguo ni sawa na kutokuwa nayo. Wachomeleaji walitengeneza kasha lenye mlango wa kioo, halina kufuli, ukifungua honi ya bajaji inalia mfululizo. Liko ukutani kwa kibanda cha mlinzi, chini ya mwarobaini, kwa sababu kibanda chenyewe ni bati na maelekezo ya mashine yanakataza joto linalopita nyuzi 50. Kwenye kioo tumeandika: "Hii haichaji simu. Haiuziki. Inaokoa mtu." Kasha 85,000, mabango ya kuelekeza kutoka sokoni na barabarani 60,000. Mlinzi wa zamu hutazama taa ya kijani kila asubuhi na kusaini daftari.

Suala la usafiri nalo lilipata jibu usiku huo. Desturi yetu ni kunyanyua na kukimbia, na gari linaloyumba haliruhusu mtu kukandamiza sawasawa. Baada ya mjadala mrefu na mkufunzi tulikubaliana: hanyanyuliwi mtu ambaye kifua chake hakijaanza kukandamizwa na mashine haijampima. Wakati kazi inaendelea chini, mtu mmoja aliyetajwa anapiga simu. Kadi ina 112, namba ya dharura ya taifa, na namba za dawati la dharura tulizozifuata hospitalini kwa miguu na kuzipigia tukiwa tumesimama pale pale, kwa sababu namba moja tuliyopewa awali haikuwa inapokelewa. Ikilazimu kutumia gari letu, ni pikapu yenye bodi tambarare, si Noah, ili wawili wapige magoti pembeni yake. Bodaboda wawili wanatangulia na honi kufungua njia ya soko.

Kijiweni tuliwafundisha kwa mpira. Wote wanamjua Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 na kurudi uwanjani kucheza ligi ya Uingereza. Wakubwa wanamkumbuka pia Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka Lyon mwaka 2003 na hakuamka. Eriksen alikandamizwa kifua na kushtuliwa pale pale kwenye nyasi. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kwa nini tusimkimbize mtu kwanza.

7 Septemba: Tukio la kweli, na halikuwa moyo

Msichana aliyebeba ndizi alianguka nje ya geti akitikisika mwili mzima. Bodaboda alifika kwanza, honi ya kasha ikalia, kanga zikafunguliwa. Walimwondolea vitu vya kumuumiza, wakazuia kijiko kisiingizwe mdomoni, wakasubiri mtikisiko uishe. Kisha wakaangalia kama walivyofundishwa: anapumua kwa mfululizo, kifua kinapanda na kushuka. Hakukandamizwa. Walimlaza ubavu, wakakaa naye mpaka alipojibu jina lake, dada yake akaja kumchukua kwenda kituo cha afya.

Mkufunzi alipopewa maelezo alisisitiza kwamba kuangalia baada ya mtikisiko ni lazima, kwa sababu moyo unaposimama mtu anaweza kutikisika kwa muda mfupi mwanzoni, akadhaniwa ana kifafa. Tumeliingiza kwenye kadi.

16 Oktoba: Zoezi na soko

Tarehe 16 Oktoba ni siku ya dunia ya kuhamasisha watu kuanzisha tena moyo, tukaichagua kufanya zoezi upande wa wauza mitumba, nje kabisa ya yadi. Mdoli ulilazwa kati ya marobota. Muuza viatu, ambaye alijifunza Agosti kwa kupita tu, alianza kukandamiza kabla ya dakika moja kuisha. Mashine ilifika baada ya dakika mbili na nusu. Pikapu ilichelewa: ilikuwa imezibwa na mkokoteni wa viazi, mwenyewe ameenda kunywa chai. Wenye mikokoteni wamekubali kuacha njia moja wazi upande wa mashariki, na uongozi wa soko umeipaka alama. Tutaipima tena siku ya gulio kubwa.

Jumla ya matumizi hadi leo: 5,716,000, pamoja na 120,000 za vocha, maji na chakula cha siku za mazoezi. Asiye na fedha za mashine asisubiri. Midoli minne, mkufunzi, mabango, kadi na mazoezi vilitugharimu 639,000, na hizo ndizo zilizoleta ile dakika ya kwanza.

Kilichobaki: kipindi cha watoto na waliozama, ambacho kinahitaji mdoli mdogo na kufundishwa kupuliza pumzi, kitafanyika Januari. Zamu ya usiku ya kinu ina watu wapya wawili ambao hawajagusa mdoli. Vibandiko vya kuanzia vinaisha muda Mei 2026, na kikoba kimeanza kutenga 15,000 kila mwezi kwa ajili yake. Vipimo vya mdoli, mchoro wa waya za swichi na maandishi ya kadi vimebandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Anayetaka anakili, na akitaka kuuona mdoli ukiwaka aje yadini Jumamosi mchana, baada ya kazi.